Sura ya Nne: Talanta Elfu Kumi

Novemba 1861 msafara wa John Hanning Speke, Mwingereza aliyekuwa akitafuta chanzo cha Mto Nile, ulitoka Usui ukaingia Karagwe ukiwa hoi. Njia nzima kutoka pwani walikuwa wametozwa hongo: nguo, shanga, waya za shaba. Kila mtawala alitaka chake, na Usui ndiko walikokamuliwa hasa, siku zikipotea kwa mabishano ya marobota. Walipovuka mpaka wa Karagwe mambo yakageuka. Watu wa Omukama (mfalme) Rumanyika waliwapokea, wakawaambia kwamba katika nchi hii mgeni hatozwi, na vijiji vya njiani vikaamriwa kuwalisha kwa gharama ya mfalme. Speke aliyaandika hayo kwa mshangao wa mtu aliyezoea kulipa.

Zawadi zilitolewa baadaye, bila shaka. Adabu ya ikulu pale Bweranyange ilitaka hivyo. Lakini zilikuja baada ya mapokezi, si kabla yake.

Mfuatano huo, wa mtu kupokewa kwanza ndipo atoe, ni mgumu kuliko unavyoonekana, na unawasumbua wasomaji wengi wa Biblia katika nchi hiyohiyo ya Rumanyika, ambayo tangu mwaka 2012 ni wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa. Kwamba watu wa huko wanaisoma Biblia, hilo halina ubishi. Jumapili asubuhi barabara za Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Isingiro hujaa watu wenye Biblia kwapani, nyingi zikiwa za tafsiri ya Union Version iliyotoka mwaka 1952, zimevalishwa jalada la ngozi lenye zipu, ndani yake kukiwa na risiti za ahadi, picha ya marehemu na karatasi ya ratiba ya kwaya. Ubishi uko kwenye namna ya kusoma. Mtu akilifungua jalada lile, anatafuta nini?

Wengi wanatafuta la kufanya. Anasoma habari za Danieli, anatoka na azimio la kuomba mara tatu kwa siku. Anasoma Ruthu, anapata somo la mkwe mwema. Anasoma wana wa Eli, anawageukia watoto wake mwenyewe kwa ukali. Masomo hayo si mabaya, na mengine yamejenga nyumba za watu. Kasoro yake ni kwamba Mungu, aliye mhusika mkuu wa kitabu kizima, anabaki pembeni kama mwalimu wa zamu, kazi yake kuandika majina ya waliochelewa. Usomaji unaotazama neema hugeuza mpangilio wa maswali. Kabla ya kuuliza “nifanye nini?” unauliza “Mungu amefanya nini hapa, amemfanyia nani, na mtu huyo alikuwa na sifa gani ya kustahili?” Mara nyingi jibu la swali la mwisho ni kwamba hakuwa nayo.

Chukua Amri Kumi. Katika usharika wowote wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), kijana wa kipaimara huzikariri kutoka Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529, hadi zinatoka zenyewe mdomoni. Katekisimu inaanzia kwenye amri ya kwanza moja kwa moja. Biblia haianzi hivyo. Katika Kutoka 20, kabla ya kuamuru lolote, Mungu anajitambulisha kuwa ndiye aliyewatoa watu hawa utumwani Misri. Pasaka iko sura ya 12, bahari inavukwa sura ya 14, mana inashuka sura ya 16, ndipo amri zinakuja sura ya 20. Waisraeli hawakuweza kuokolewa kwa kushika amri ambazo walikuwa hawajapewa. Inashangaza kidogo kwamba Luther, mtu aliyeipigania neema mpaka akatengwa na kanisa, ndiye aliyeuacha utangulizi ule nje ya kijitabu chake cha watoto. Mwalimu anayelianzisha darasa lake kwenye sura ya 12 na mwenzake anayeanzia sura ya 20 watatoa vijana wawili tofauti, hata kama wote wawili watajibu maswali ya mchungaji bila kukosea.

Habari za Ibrahimu nazo zimepangwa hivyo. Anaitwa na kuahidiwa katika Mwanzo 12. Tohara inaagizwa sura ya 17. Paulo alilikamata jambo hilo akalijengea hoja nzima katika Warumi 4: mtu alihesabiwa haki kabla ya alama. Na Zakayo, katika Luka 19, anatangaziwa kwamba mgeni atashinda kwake wakati angali juu ya mkuyu, hajaahidi kurudisha hata senti. Ahadi ya kurudisha mara nne inatoka akiwa ameshapata mgeni nyumbani.

Hata hivyo hakuna mahali ambapo wasomaji wa Karagwe na Kyerwa wanahitaji maelezo machache kuliko kwenye habari za madeni.

Uchumi wa huku ni ndizi kwa chakula na kahawa kwa fedha. Kahawa ni robusta, huvunwa kuanzia katikati ya mwaka, huanikwa juani na kuuzwa ikiwa ya maganda. Mwanzoni mwa mwaka mkulima hana kitu mfukoni. Shule zimefunguliwa na mtoto anataka sare, mzee anaumwa, msiba umetokea na ng’ombe anatakiwa. Hapo ndipo mtu anapokwenda kwa mwenye fedha na kuuza kahawa ingali maua mtini. Biashara hiyo inaitwa butura. Bei ni ya mnunuzi, kwa sababu muuzaji hana muda wa kubishana. Wakati wa mavuno atapeleka magunia aliyoyaahidi huku akiona jirani yake anauza gunia kama hilo kwa fedha nyingi zaidi, na mvua ikigoma, deni linavuka kwenda msimu unaofuata. Viongozi wa Mkoa wa Kagera wameipiga marufuku si mara moja. Vyama vya msingi vya ushirika pamoja na KDCU, chama kikuu cha ushirika cha Karagwe, vinaipinga. Butura bado ipo, kwa kuwa shida inayoizaa bado ipo.

Sasa fungua Mathayo 18. Petro amemuuliza Yesu amsamehe ndugu yake mara ngapi, na jibu linakuja kwa habari ya mfalme anayefanya hesabu na watumwa wake. Mmoja analetwa akidaiwa talanta 10,000. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama sura ya 20 ya Injili hiyo inavyoonyesha, na talanta moja ilikuwa dinari 6,000 hivi. Kwa hiyo deni ni dinari milioni 60. Kibarua akifanya kazi siku 300 kila mwaka, asile, asivae, asiugue, atamaliza kulipa baada ya miaka 200,000. Mtu huyu anapiga magoti na kuomba avumiliwe, atalipa yote. Aliyewahi kuuza butura ana haki ya kucheka hapo, maana ahadi ya namna hiyo ameisikia, pengine kinywani mwake mwenyewe.

Aliloomba mtumwa ni muda. Msamaha hakuutaja. Na bwana wake, badala ya kumpa muda, anafuta deni.

Halafu mtumwa huyu anatoka nje, anakutana na mwenzake ambaye yeye anamdai dinari 100, anamkaba koo. Mahubiri mengi huliita deni hilo la pili senti kidogo, na hapo wahubiri wanakosea. Dinari 100 ni ujira wa siku 100. Kwa kibarua wa Omurushaka hizo ni bati za nyumba. Injili haisemi kwamba tunachodaiana sisi kwa sisi ni kitu kidogo. Tunaumizana kweli, na hasara ni hasara. Inaliweka tu deni hilo kando ya deni jingine, na uwiano unatoka moja kwa laki sita. Anayesoma sehemu hii kama agizo la kuwa mtu mwema, asamehe ili naye asamehewe, ameirukia katikati. Msamaha wa kwanza ulishatolewa, tena bila masharti. Lakini asomaye neema naye hana ruhusa ya kuchana mistari ya mwisho, ambako bwana anakasirika na mtumwa anaishia kwa watesaji. Mistari hiyo ipo, na inamhusu mtu aliyepokea neema akaichukulia kama bahati ya biashara.

Usomaji wa aina hii una historia yake katika pembe hii ya Ziwa Victoria, na si yote iliyoletwa na wamisionari. Mjerumani Ernst Johanssen wa Misheni ya Betheli, aliyeanza kazi Rwanda mwaka 1907, alifika Bukoba mwaka 1910 na kukuta tayari wapo Wahaya walioupata Uprotestanti na vitabu vyake kutoka Buganda. Vita vya kwanza vya dunia vikawaondoa Wajerumani, vya pili vikawaondoa tena. Kila mara kanisa likabaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa wainjilisti na walimu Waafrika, wenye mishahara midogo na kazi ya kuongoza ibada, kufundisha na kuzika kwa kutumia kile kitabu. Kanisa lililokaa miaka bila mtaalamu wa kulitafsiria kila mstari lilijifunza kusoma kwa pamoja.

Msukumo mkubwa zaidi ulitoka ng’ambo ya Mto Kagera. Gahini, kando ya Ziwa Muhazi mashariki mwa Rwanda, haifiki kilomita 100 kutoka Kayanga kwa mstari ulionyooka. Huko alikuwako daktari kijana Mwingereza, Joe Church, ambaye mwaka 1929, baada ya njaa kubwa iliyowaua watu wengi mbele ya macho yake, alikwenda Kampala akiwa amekwisha nguvu. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Wawili hao waliketi na Biblia ya Scofield, ambayo pembeni mwa maandiko ina minyororo ya rejeo, wakafuatilia mada moja kutoka kitabu hadi kitabu, wakasali. Ni tukio dogo mno kuandikwa kwenye historia ya nchi yoyote, na bado ndipo wengi wanapoanzia wanapoieleza ile harakati iliyokuja kuitwa Uamsho wa Afrika Mashariki, na watu wake kuitwa Walokole. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, akaenda kufundisha Gahini, akawa moto, akafa kwa homa mwanzoni mwa 1936. Baada ya hapo Uamsho haukushikika tena. Ulipita kwa miguu, kwa baiskeli, na kwa wimbo mmoja wa Kiganda, Tukutendereza, ambao hadi leo mtu wa Kyerwa asiyejua sentensi ya Kiganda anauimba bila kutazama kitabu.

Mwaka 1938 Church alichapisha kitabu cha mafunzo, Every Man a Bible Student, na jina lake linasema kwamba kila mtu, hata asiye na cheo kanisani, anaweza kuwa mwanafunzi wa Biblia. Mbinu yake ilikuwa ileile ya Namirembe: shika mada, iwe dhambi, toba au kuzaliwa upya, uifuate kwenye Biblia nzima. Faida yake iko wazi. Mtu wa darasa la nne anaweza kuongoza kikundi bila kumngoja mchungaji, na neema inaonekana tangu Agano la Kale badala ya kungojewa hadi Paulo. Hasara yake huzungumzwa mara chache. Mnyororo hung’oa mstari kwenye hadithi yake. Aliyesoma nusu mstari wa Yona kwa ajili ya mada ya toba hajasoma Yona, na hatajua kwamba kitabu kile kinaishia kwa nabii aliyenuna juani, hana raha, kwa sababu mji wenye watu zaidi ya 120,000 umesamehewa.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 Uamsho ulikuwa umefika chuo cha ualimu cha Waanglikana pale Katoke, kusini mwa Buhaya, na ukawa umeingia kwa Walutheri. Watu walikutana majumbani, wakasoma, wakaungama mbele ya wenzao kwa kutaja dhambi kwa jina. Mali zilizoibwa zilirudishwa kwa wenyewe, wenye mali wakiwa wameshasahau. Katika vikundi hivyo daktari wa Kizungu alimwomba radhi mwalimu Mwafrika, na mwanamke alishuhudia wanaume wakisikiliza. Kuyaeleza hayo kama msisimko tu ni kutokujua ukoloni ulivyokuwa. Mahali ambapo kila mtu alikuwa na ngazi yake, kundi la watu lilikuwa limesoma Waefeso 2 na kuchukulia kwa uzito kwamba hakuna aliyepanda ngazi kufika pale.

Josiah Kibira, mtoto wa Bukoba aliyezaliwa mwaka 1925, alitoka katika mkondo huo wa Uamsho. Alisoma theolojia Betheli, Ujerumani, akabarikiwa uchungaji mwaka 1960, na mwaka 1964 akampokea uaskofu Msweden Bengt Sundkler, mtu aliyewahi kulihudumia eneo hilo wakati wa vita na ambaye baadaye aliliandikia kitabu, Bara Bukoba. Mwaka 1977 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam na kumchagua Kibira kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Dayosisi ya Karagwe ilizaliwa ndani ya kipindi hicho, mwaka 1979, ikimegwa kutoka dayosisi aliyoiongoza. Kwa hiyo Mlutheri wa Lukajange anaposema ameokoka haazimi msamiati wa wahubiri wa runinga. Ameurithi.

Lakini neema ni kitu kinachogeuka hongo haraka. Oktoba 1941 wanafunzi 26 Walokole walifukuzwa chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, akiwamo William Nagenda, kwa kung’ang’ania mikutano yao ya alfajiri na mahubiri yao dhidi ya agizo la mkuu wa chuo. Wao walijiona wanaonewa kwa ajili ya injili. Wakuu wao waliona kiburi. Pengine pande zote mbili zilikuwa na hoja. Miaka 30 baadaye, mwaka 1971, mpasuko ukatokea ndani ya Walokole wenyewe wa Uganda, kundi moja likijiita walioamka upya na kuweka vipimo vipya vya nani ameokoka kweli. Mavazi ya kisasa yalikuwa shida. Na kukopa pia: mwenye deni alikuwa na dosari ya kiroho.

Mtu aliyeona butura inavyokula familia anaweza kuelewa marufuku hiyo ilitoka wapi. Kama busara ya nyumbani, haina ubaya. Ila kama tiketi ya kuingilia, inaugeuza Mathayo 18 kichwa chini: habari iliyosimuliwa kwa ajili ya mdaiwa asiye na njia inakuwa habari ya kumfungia nje. Kila kizazi cha wasomaji wa neema kimefanya kitu cha namna hiyo, na dalili ni ileile. Ushuhuda unaanza kumzungumzia zaidi anayeshuhudia kuliko anayeshuhudiwa.

Kosa la upande wa pili lilikuja na mto. Kagera unapita magharibi mwa Kyerwa, Rwanda ikiwa ng’ambo, kisha unapinda kufuata mpaka wa Uganda pale Murongo. Kuanzia Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, maji yake yalibeba maiti hadi Ziwa Victoria, ambako wavuvi wa Uganda walizitoa na kuzizika. Mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Ngara, na wengine wakapiga kambi Karagwe ya wakati ule. Nchi waliyotoka ilikuwa ya Wakristo kwa wingi wake, na ndiyo nchi ya Gahini. Wapo Wakristo waliowaficha jirani zao na kufa nao. Wapo wengi walionyamaza, na wapo walioshika panga. Swali la jinsi watu walioimba habari ya damu ya Yesu walivyomwaga damu haliwezi kujibiwa kwa aya moja, na wanaolijibu kwa kusema tu “hawakuwa wameokoka kweli” wanajipa nafuu wasiyostahili.

Mjerumani mmoja alikuwa ameliona jambo la jamii hiyo mapema. Agosti 1933 Dietrich Bonhoeffer alikuwa Betheli, taasisi ileile iliyoipa jina misheni ya Bukoba, akishiriki kuandika ungamo la imani dhidi ya kanisa lililokuwa linajipanga nyuma ya Hitler. Mwaka 1937 alitoa kitabu chake juu ya kumfuata Kristo, akashambulia kile alichokiita neema ya bei rahisi: msamaha unaotangazwa kwa jumla kila Jumapili bila kumgusa anayeusikia. Aprili 1945 alinyongwa. Hakuwa anapinga neema. Alikuwa Mlutheri, na hoja yake ilikuwa kwamba kitu kilichomgharimu Mungu kiasi kile hakiwezi kumwacha mtu alipokuwa.

Ndiyo maana usomaji wa neema katika wilaya hizi hauwezi kuishia kwa mdaiwa. Lazima umfikie anayedai, ambaye mara nyingi amekaa benchi la mbele na ndiye aliyetoa saruji ya sakafu. Nehemia 5 ni sura ambayo mtu wa Kyerwa angeweza kudhani imeandikiwa kwao. Watu wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba wapate nafaka; wengine wamekopa walipe kodi ya mfalme; watoto wao wanachukuliwa utumwani na ndugu zao wenyewe. Nehemia anawaita wakubwa hadharani na kuwataka warudishe mashamba pamoja na riba, wanakubali, naye anawaapisha mbele ya makuhani, kwa kuwa ahadi peke yake hakuiamini. Hakuna muujiza wowote katika sura hiyo. Kumbukumbu la Torati 15 inakwenda mbali zaidi: kila mwaka wa saba madeni yafutwe, na mtu asimnyime maskini mkopo kwa hesabu kwamba mwaka wa saba umekaribia. Mwandishi aliijua mioyo ya wakopeshaji. Sababu anayoitoa sura hiyo inapoagiza mtumwa aachiwe huru, tena asiondoke mikono mitupu, ni ileile ya Kutoka 20. Nanyi mlikuwa Misri, mkatolewa.

Yapo maendeleo ambayo babu wa Uamsho wasingeyaamini. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri walitia saini tamko la pamoja kwamba mwanadamu anahesabiwa haki kwa neema ya Mungu, si kwa stahili yake. Wamethodisti waliliunga mkono mwaka 2006. Katika vijiji vya Karagwe habari hiyo ilifika taratibu, kama inavyofika kila habari ya wakubwa. Lakini kusoma pamoja hakukungoja saini. Wakatoliki, ambao tangu 2008 wana Jimbo la Kayanga, husoma Injili ya wiki katika jumuiya ndogondogo, utaratibu ambao maaskofu wa Afrika Mashariki waliupa kipaumbele mwaka 1976. Mara nyingi hutumia zile hatua saba zilizobuniwa Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini: sala, kusomwa kwa sauti, kila mmoja kurudia neno lililomgusa, kimya, kushirikishana, kupanga la kufanya, sala tena. La kufanya linakuja hatua ya sita. Kwenye misiba, ambako ukoo mmoja una Mkatoliki, Mlutheri na Mpentekoste, katekista na mwinjilisti hupeana zamu, na aliyelala kwenye jeneza anazikwa kwa masomo ya pande zote.

Kikundi kinachotaka kuanza kusoma hivi kisianze na Warumi. Waraka huo ni mnono, na vikundi vingi vimekwama sura ya 2 vikajilaumu. Filemoni ina mistari 25 na humalizika kabla chai haijapoa. Mtumwa mtoro, mwenye mali aliyepata hasara, na Paulo anayesema deni liandikwe kwake. Baraza litachangamka, hasa ikionekana kwamba waraka hautaji Filemoni aliamua nini. Yona ina mistari 48. Ruthu, sura nne, ina 85, na inafaa kusomwa yote kwa mkao mmoja, wasomaji wakibadilishana kila sura na anayejua kusoma vizuri akipewa ya tatu, iliyo na majina machache na mambo mengi. Kisha Luka 15 hadi 19 bila kuruka. Baada ya hapo, kama mavuno hayajaanza na watu bado wana jioni zao, Kutoka, kuanzia mwanzo.